Ijumaa Nyanchera Aliporudi Barabarani

"Nilikwambia unishikie wateja, sikukwambia uwameze!"

Nyanchera alikuwa amesimama upande wake wa ua, mtoto mgongoni, na sauti yake ilisikika mpaka chemchemini.

"Nani amemeza?" Loice akajibu, mikono kiunoni. "Watu wameonja ndizi zangu, wamezipenda. Wewe kaa unyonyeshe."

"Tulikubaliana, mtoto akikaza shingo narudi. Shingo si hii? Iangalie!"

"Shingo amekaza, na maziwa je? Mama Ombui, mzazi mbichi hapandi baiskeli. Kile kiti kinakausha maziwa. Mimi nakuhurumia tu."

Sisi tuliokuwa tukipita na maji tukatua mitungi. Ugomvi mtamu hausikilizwi na mzigo kichwani.

Kabla ya mimba ile, mwanamke aliyeendesha baiskeli mlimani kwetu alikuwa Nyanchera peke yake. Alichukua ile nyeusi ya mumewe, Ratemo, akafunga ndizi mbivu kwenye keria, akateremka mjini Keroka kuwauzia wenye hoteli na madereva wa malori. Tumbo lilipokua, akamwachia jirani yake Loice wateja kwa muda. Loice hakujua baiskeli, alikwenda kwa miguu na kikapu kichwani. Lakini mdomo wake haukuhitaji magurudumu. Alimwambia Angwenyi, mwenye hoteli kubwa, kwamba Nyanchera amekauka, mtoto analishwa uji kama yatima.

Hilo la yatima ndilo lililomchoma.

Siku ya kwanza kujaribu, nyuma ya nyumba, kiti kilimgusa palipokuwa hapajapona, akashuka machozi yakimtoka. Akakunja blanketi kuukuu, akalifunga juu ya kiti, akajikaza kiuno kwa leso, akapanda tena. Baiskeli ikaingia kwenye michai ya Ratemo, yeye chini, gurudumu juu likizunguka. Loice alicheka mpaka akashika ua, na kesho yake sokoni kila mtu alikuwa na habari.

Nyanchera akarudi kwenye baiskeli. Akawa anajifunza upya alfajiri, kidogo kidogo, mpaka akaweza kufika kanisani kwa Wakatoliki na kurudi bila kushuka, isipokuwa mlimani, ambako hata wanaume husukuma.

"Nakwenda Ijumaa," akatuambia.

"Si uende Jumatano, siku ya soko?"

"Jumatano Loice akishindwa kuuza, ana kesho. Ijumaa hana kesho."

Tukaelewa, tukashika midomo. Loice ni Msabato. Ijumaa jua likizama, Sabato imeingia: hakuna kuuza, hakuna kubeba mzigo, hakuna kuwasha moto. Kwa hiyo kila Ijumaa huwahi kurudi mchana apike chakula cha jioni na cha kesho yake. Mumewe alikuwa kazini Kericho, na nyumbani alibaki na mama mkwe, bibi Nyamoita, Msabato asiyepindwa, ambaye kwa uzee alipika kwa macho tu, mikono haikuweza tena.

Ijumaa ikafika. Nyanchera akamnyonyesha Ombui, akamwacha kwa wifi yake Orpah, akangoja makusudi Loice atangulie. Akamkuta kwenye mteremko. Akapiga kengele.

"Nikushikie kikapu, mama?" akamwuliza, akapita kama mwewe.

Keroka alimkuta Angwenyi mlangoni pa hoteli, naye akasita kununua. "Nimesikia wewe mgonjwa. Nimesikia umekauka."

Kabla Nyanchera hajafungua kinywa, mtoto wa msafiri mmoja akalia. Mnajua mwili wa mzazi hauna adabu. Gauni la Nyanchera likalowa maziwa kifuani, pande zote mbili, mbele ya madereva.

"Huyu ndiye aliyekauka?" dereva mmoja akapaza sauti. "Basi na mto umekauka!"

Nyanchera hata hakujifunika. Angwenyi akanunua nusu ya mzigo, akaagiza na wa wiki ijayo. Madereva wakamaliza uliobaki.

Loice alipofika akihema, kila mtu alikuwa na ndizi. "Karibu, daktari wa maziwa!" wakampokea. Angekuwa na akili angegeuka pale pale. Lakini kurudi na kikapu kimejaa, apite mbele ya ua wa Nyanchera? Akakaa kando ya barabara kungoja wateja wa magari. Kiburi kilingoja, jua halikungoja.

Nyanchera alisukuma baiskeli mlimani, akafika, akambeba mwanawe. Halafu jua likiwa bado juu akaanza kupika: ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa, maharagwe. Sufuria zote zikatoka. Akatuita, nyumba ikajaa hadi mlangoni, kila mmoja akimsimulia mwenziwe gauni lile lilivyolowa. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akichungulia upande wa pili wa ua. Kwa Loice hakukuwa na moshi. Bibi Nyamoita alikaa kizingitini, Biblia mapajani, macho barabarani.

"Nyanchera, inatosha," Orpah akamnong'oneza. "Umeshinda."

"Bado. Alisema mwanangu analishwa kama yatima. Kesho kanisani kwao na waulizane kwa Loice yatima ni nani."

Na bibi Nyamoita, akiulizwa, huwa hasemi uongo.

Jua likazama. Chini kwenye kona, kikapu cha Loice kikaanza kuonekana, kimejaa, kikipanda mlima ndani ya Sabato. Bibi akakiona. Nyanchera naye akakiona. Akanawa mikono, akajipangusa, akaenda uani, na sauti yake ilikuwa asali tupu.

"Bibi, naona kwenu moto haukuwashwa leo. Chakula changu kimepikwa jua likiwa juu, hakina dhambi. Inuka, nikushike mkono. Ingia ule."