Haki ya Mwenye Dume

Kimeu hakuwa mtu mbaya. Mkewe, Kavindu, au Mama Mutheu kama mtaa ulivyomwita, alilikubali hilo hata siku alizokuwa hataki kumtazama usoni. Shida yake ilikuwa ujuaji. Alikuwa dereva wa kampuni moja Industrial Area, lakini ukimsikiliza jioni pale Maringo ungedhani yeye ndiye aliyewafundisha polisi kufuga mbwa.

Mbwa mwenyewe alikuwa mmoja, Susi, jike la mbegu ya mbwa wa polisi, na aliyemlisha na kuzoa kinyesi chake alikuwa Kavindu. Kazi ya Kimeu ilikuwa kumsifu. Susi alipoingia joto mwaka wa tisini na tatu, Kimeu alimpeleka kwa Sylvance, karani aliyekuwa na dume safi, masikio wima, mgongo mweusi. Pesa haikutajwa. Walipatana kama wafugaji wa mtaani walivyozoea: watoto wakizaliwa, mwenye dume anakuwa wa kwanza kuchagua mmoja.

Susi alizalia kwenye kibanda cha makaa nyuma ya nyumba. Watoto saba, macho yamefumba, wanene kama viazi vitamu, isipokuwa kajike kamoja kalikosukumwa na wenzake kila kalipotafuta titi. Kavindu alikaita Kanini, yaani kadogo kwa Kikamba, na kila mara alikashikilia kwenye titi la nyuma, lenye maziwa mengi, hadi kashibe. Asubuhi ya Jumapili alikakuta kamepoa. Akakaingiza nyumbani, akakalaza kwenye katoni ya viatu karibu na chupa ya maji moto iliyofungwa leso, akaenda kanisani.

Sasa, jirani yao Lydiah alikuwa amelalamika kwamba viroboto wa Susi wamefika hadi kwenye godoro lake. Maneno hayo yalimchoma Kimeu. Kavindu akiwa kanisani, bwana mjuaji akatoa dawa ya kupe aliyomnunulia baba yake ya kuogeshea ng'ombe kule Mwala, akaichanganya kwenye karai kwa kukisia, akamwosha Susi kuanzia shingo hadi mkia, matiti na yote. Kisha akamrudisha kwa watoto wanyonye.

Kavindu aliwakuta wakitoa povu na kutetemeka.

"Umemwosha na nini?"

"Dawa tu, Mama Mutheu. Ile ya ng'ombe."

"Na kwenu ndama hunyonya kabla matiti hayajasuuzwa?"

Kimeu aliinama akamwaga maji ya karai. Kwao ndama hanyonyi hivyo, na mtoto yeyote aliyelelewa na mifugo Ukambani anajua. Ni vile tu hakuwahi kumfikiria mbwa kama mama. Jua lilipotua, wote sita walikuwa wamekufa, na Susi alikuwa bado anawalamba. Kavindu alimfunga mbali nao huku akilia kwa hasira.

Alibaki Kanini. Maziwa ya Susi hayakuaminika tena, basi Kavindu alimnywesha ya ng'ombe kwa kile kidude cha kutonesha dawa ya macho, tone kwa tone. Alimsugua tumbo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu ili akojoe, maana mtoto wa mbwa mchanga bila kulambwa na mamake hakojoi. Macho yakafunguka. Sikio moja likaanza kusimama. Kavindu akawa hatoki nyumbani bila yeye kwenye kikapu.

Ndipo Sylvance alipokuja.

"Pole kwa yaliyotokea, Mama Mutheu," alisema. "Lakini si tulikubaliana?"

"Mlikubaliana uchague. Unachaguaje kama yuko mmoja tu?"

Kimeu alikohoa. "Nilimpa mtu neno langu. Unataka niitwe mwongo mtaa mzima?"

"Ulipowaua hukujali utaitwa nani."

Haya, maneno yalikuwa ya Kavindu, lakini mbwa alikuwa wa mume. Kimeu alimtoa Kanini mapajani mwa mkewe kwa mikono yake mwenyewe, akampa Sylvance, akamsindikiza hadi barabarani wakizungumza vizuri. Aliporudi alimwambia mkewe asinune, Susi atazaa tena na dume ni lile lile.

Miezi ikapita. Susi akaingia joto tena, na Kimeu akamfungia kibandani.

"Nikitoka kazini nampeleka kwa Sylvance," alisema, akimpa Kavindu ufunguo. "Usimfungulie. Mbwa koko wamejaa hapo nje."

Kweli walikuwa wamejaa, kuna wa buchari, kuna wa jalalani, kuna mmoja asiye na mkia. Kavindu alisubiri mumewe apotee kwenye kona, akafungua mlango, akaketi kwenye kigoda akakata sukuma wiki yake. Jioni Kimeu alikuta mlango wazi na koko wameshampanda Susi, akashika kichwa.

Watoto walizaliwa wa kila rangi, masikio yamelala, miguu mifupi. Sylvance alipita siku moja, akachungulia kibandani, akacheka, akaenda zake. Kimeu hakuwasogelea kabisa. Kavindu aliwageuza mmoja mmoja, akawasugua matumbo, na hakuna mtu aliyemdai hata mmoja.