Mazishi ya Meli Iliyo Hai

Siku meli Capo Sereno ilipoondoka Carloforte kwa mara ya mwisho, kisiwa kizima kilishuka gatini kuilia. Padre aliinyunyizia maji ya baraka. Bendi ya mji ikapiga wimbo wa msiba. Wanawake ambao miaka nenda miaka rudi waliitukana kwa kuchelewa na kwa vyoo vyake, siku hiyo waliitupia maua. Meli ikapiga honi, kengele za kanisa zikaitikia, na watu wakafuta machozi. Ilikuwa inakwenda Uturuki kukatwakatwa vyuma, walisema. Nani kasema? Watu.

Tomasina Borghero alilia kuliko wote, na alikuwa na sababu yake. Nyuma yake alisimama mwanawe Nicolò, amekinga kiganja.

"Mama, funguo."

"Hata mnara wa taa haijaupita! Maiti bado yuko mlangoni, wewe unagawa urithi?"

"Ahadi ni ahadi, Mama."

Ahadi aliitoa mwenyewe, kwa mdomo wake. Alipoangusha vyungu vya maua vya mwenye duka la dawa kwa bajaji yake ya mizigo, Nicolò alitaka kumnyang'anya funguo palepale. Tomasina akaapa mbele ya picha ya marehemu mumewe: nitaendesha mpaka Capo Sereno ife. Alijiona mjanja. Meli ile ilikuwa imeshatangaziwa kifo mara nyingi, na kila mara ikawazika waliotangaza.

Katika usichana wake meli hiyo ilivuka bahari usiku kucha kutoka Genova hadi Sardinia, jina lake Contessa Livia, na ukumbini mwake watu walicheza dansi. Wenyewe walipopata meli mpya, mabinti wabichi, wakaiuza ikapeleke watalii kisiwa cha Elba. Jina la zamani lilifunikwa kwa rangi, lakini zile herufi za chuma zilizochomelewa puani hazikutoka. Zilibaki zimetuna chini ya rangi kama mishipa ya mkono wa kizee. Mwisho ikaletwa Carloforte, kisiwani hapa kando ya Sardinia, kuvusha watu na magari hadi Calasetta ng'ambo, ikazeekea hapo.

Ilikuwa na mlango mmoja tu, wa nyuma. Gari liliingia kinyumenyume au halikuingia. Serahangi Baciccia, mkuu wa mabaharia, alisimama kwenye ulimi wa chuma wa mlango akipunga mikono na kutukana, na watalii walilia kama watoto. Tomasina, na jodari wake wa kukausha na masanduku ya nyanya, aliingia kwa mkupuo mmoja huku akisalimia watu. "Kwenda mbele hata punda anajua," alipenda kusema.

Sasa funguo zilikuwa mfukoni mwa Nicolò, na Tomasina akapanda mlima kwenda nyumbani kwa miguu kama mwanakondoo wa tambiko.

Lakini kuna kitu kilimwasha. Alikaa mlangoni akimenya maharage, na kila ganda likamletea swali. Wiki ile ya mwisho, mbona bomba la moshi la meli lilipakwa rangi mpya? Nani humpaka wanja ng'ombe wa kuchinjwa? Halafu Baciccia. Alipanda meli na birika lake la kahawa na kandambili za ufukweni. Anayesindikiza maiti huchukua kandambili?

Hakumaliza maharage. Alikwenda moja kwa moja kwa Mariuccia, mke wa Baciccia.

"Shoga, mumeo yuko wapi?"

"Kazini."

"Kazi ipi, na meli imekufa?"

"Mimi mwanamume akisema anaondoka simwulizi anakokwenda. Nisije nikamkumbusha kubaki."

"Tumpigie simu."

"Sasa hivi?"

"La. Jumapili. Wewe pika kuskusi, mimi nitamleta Nicolò."

Jumapili Nicolò akaja, tumbo mbele. Hakushuku neno mpaka sahani ya pili, Mariuccia alipoisimamisha simu kwenye mtungi wa maji na uso wa Baciccia ukajaa kiooni, mwekundu, hana shati.

"Mnakula nini?"

"Wewe sema uko wapi!" alisema Tomasina.

"Ugiriki. Nawafundisha hawa mashine. Haiwasikii, inanisikia mimi tu." Akaigeuza simu. Pale nyuma yake, imepakwa nyeupe na kijani, jina jipya kwa maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, ilikuwa yenyewe, Capo Sereno. Lori lilikuwa linaingia kinyumenyume na dereva anatukana kwa lugha yao.

Uma wa Nicolò ukabaki hewani.

"We Baciccia," Tomasina alisema, "mbona hukutuambia kama i hai?"

"Mliniletea bendi! Ningesimama katikati ya wimbo niseme nini? Na padre keshaiaga kwenda mbinguni. Halafu, nani aliniuliza?"

"Inavuka kwenda wapi?" aliuliza Nicolò taratibu.

"Hapo tu, kisiwa hicho. Unawasha sigara huku, unaizima kule. Bahari ya nje wameipiga marufuku. Mbavu zimechoka, maskini."

"Umesikia, Mama? Bahari ya nje, marufuku."

Tomasina alikuwa amesikia. Alisikia pia yale ya mbavu, na akaukumbuka mguu wake wa kushoto, jinsi ulivyotetemeka kwenye klachi majira ya baridi. Hilo hakumwambia mtu. Akaanza kukunja vidole.

"Genova. Elba. Calasetta. Sasa hapo tu. Kila ikizeeka, wameifupishia njia. Kuna aliyeing'oa mashine?"

"Mama..."

"Nami nifupishie. Calasetta sivuki tena na gari, jodari utapeleka wewe. Mimi ni gatini, sokoni, na makaburini kwa baba yako."

"Na ile barabara ya mnara wa taa, yenye makona?"

Tomasina alikunja kidole cha mwisho. Barabara ile aliipenda.

"Hiyo ndiyo bahari ya nje," alisema.

Nicolò alimtazama Mariuccia amwokoe. Mariuccia alikuwa anajipakulia. Mwishowe Nicolò akatoa funguo, akaziweka kando ya mkate.

"Lakini ikifa kweli, Mama?"

"Mpigie huyo kila Jumapili, uulize hali ya mgonjwa. Msalimie pia."

Wagiriki hawakumruhusu Baciccia arudi upesi, na Mariuccia hakuwasumbua. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa Nicolò husimama uani na simu yake, anauliza, anasikiliza. Jikoni, birika likiwa mkononi, mama yake humwangalia uso kwanza. Ndipo humimina kahawa.