Taa Nyekundu ya Mkiani

Aliyezoea kupokewa akikosa wa kumpokea, humuuma. Anayetaka kumcheka Kapteni kwa hilo acheke sasa amalize, tuendelee.

Kapteni alirusha helikopta za kweli mpaka macho yakamsaliti. Leseni ilipokwenda, binti yake alimnunulia kompyuta yenye programu ya kuigiza urubani, akamfungia usukani mezani na pedali chini yake, kisha akarudi kwake, mji mwingine. Mkewe Kapteni alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani. Nyumba ikabaki na yeye na friji inayonguruma.

Basi kila alasiri alivaa viatu vya kazi, ndiyo, vile vya kamba, akaketi mbele ya skrini akaruka. Lakini mwenzenu hakuruka kwa utamu wa kuruka. Aliruka ili atue. Maana akishatua, akazima injini na mapanga ya helikopta yakasimama, alitokea jamaa wa kuchorwa kwenye skrini, ovaroli mwilini, pua imekaa upande, akaja hadi mlangoni, akaufungua na kumwinulia dole gumba. Kapteni alimwita Shemeji, kwa sababu enzi zake fundi aliyempokea uwanjani alikuwa kaka wa mkewe, naye sasa yuko chini ya udongo. Alimsalimu kila siku, akamuuliza habari za huku chini. Jamaa hakujibu kitu, lakini alikuja. Siku hizi wanaokuja ni wangapi?

Kisha wenye programu wakaleta toleo jipya, eti limeboreshwa. Kapteni akatua, akazima kila kitu, lakini ile taa nyekundu ya mkiani ikaendelea kumweka, inawaka na kuzima. Akabonyeza swichi yake, wapi. Akazima kompyuta, akaiwasha, akaruka na kutua upya. Taa ikamweka vilevile. Sasa, kwa watu wa helikopta taa hiyo ina neno moja tu: kaa mbali, mapanga yatakukata. Hata waliomchora Shemeji walimfundisha sheria hiyo, ubaya ni kwamba aliishika. Akasimama ukingoni mwa uwanja, mikono nyuma, anatazama. Kapteni akamsubiri hadi chai ikapoa. Mwishowe akamwambia aje bwana, mapanga yamesimama, na sauti yake mwenyewe ndani ya chumba kile ikamtia aibu.

Akawaandikia wenye programu. Hapo ndipo alipokosea, tena kosa la kirubani hasa, kwani rubani huripoti kilichoharibika, haripoti moyo wake. Akaeleza aina ya helikopta, swichi, taa, na kwamba taa inamweka injini ikiwa imezimwa, jambo ambalo si sahihi. Shemeji hakumgusia hata kidogo. Mtu mzima na mvi zake aseme anasubiri katuni? Alimpigia binti yake amweleze yeye angalau, naye akasema baba, huo ni mchezo tu, halafu akasema anaingia kikaoni, wataongea wikendi. Wikendi ikapita kimya.

Majibu yakaja: wanashukuru kwa taarifa, tatizo la taa limeondolewa. Kapteni akanyoa ndevu. Msiniulize kwa nini, alinyoa tu. Akavaa viatu, akaruka safari fupi, akatua taratibu kama anayeweka mayai mezani. Akazima injini. Mapanga yakasimama, taa nyekundu nayo ikazimika, safi kabisa.

Hakuja mtu. Akageuza kamera kushoto, akaigeuza kulia, akaitazamisha ukingoni. Uwanja mtupu. Ndipo akausoma ule ujumbe mpaka chini. Walikuwa wameandika kwamba taa na mhudumu wa uwanjani walifungwa kwenye mpango mmoja, kwa hiyo, ili taa izime, wamemwondoa mhudumu.

Alikaa na mikono mapajani. Alijisikia mpweke kuliko siku aliyorudi kutoka kumzika mkewe, kwa sababu siku ile walau nyumba ilijaa watu. Kisha akapiga simu ya huduma.

Akapokea dada mmoja mpole. "Taa bado inamweka, mzee?"

"Inazima vizuri, mwanangu. Naomba mnirudishie ile hitilafu."

Dada akadhani hakumsikia vizuri. Kapteni akarudia, akamtaja mhudumu. Yule dada akaperuzi kidogo, akamweleza kwa upole kwamba mhudumu huenda akarudi kwenye toleo lijalo, hajui lini. Kwa sasa analoweza ni kumrudishia toleo lile bovu, lakini ajue taa haitazima na yule mtu hatasogea.

"Sasa akisimama kule mbali tu, atakufaa nini, mzee wangu?"

Kapteni alikuwa na majibu ya kirubani tele, akayaacha yote.

"Nikitua," alisema, "atakuwepo mtu anayeona kwamba nimefika."