Ngisi Kwenye Kochi la Mama

Usiku wa jana, baada ya kugombana na mama mpaka chakula kikapoa, niliota niko chini ya bahari ya Pemba na mtungi wangu wa kuzamia mgongoni, na mtayarishaji wa kipindi cha televisheni ameketi mbele yangu kwenye kiti cha plastiki. Hajalowa hata soksi.

Ugomvi wenyewe haukuwa ndoto. Mie ni mwalimu wa kuzamia. Watu wa televisheni walikuja kupiga picha za ngisi wakubwa wanaopanda kutoka kilindini, nikazama nao. Akaja ngisi mmoja, mrefu kunipita mie, akaigusa taa yangu, akenda zake. Basi, hilo tu. Lakini tangazo la kipindi likaonyesha jicho la ngisi, ngoma ikalia, jicho tena, kisha sauti nzito ikauliza: "Je, Zuwena atarudi?"

Nilisharudi, jamani. Nilikuwa nimekaa mkekani ubavuni mwa mama, nakula. Mama akanitazama mie, akaitazama televisheni, akaiamini televisheni. Akasema bahari mwisho leo, nikitaka kazi nikatafute ya nchi kavu.

Sasa ndotoni huyu mtayarishaji, Bwana Kiwelu, ananiambia, "Leo uogope vizuri. Siku ile ulituharibia."

"Nimuogope nani? Hajaja mtu."

Ile sauti nzito inajibu kutoka juu: "Zuwena hajui kwamba nyuma yake..."

Nageuka. Ngisi yupo, yule yule wa taa, uso umechoka.

"Mara ya ngapi hii?" ananiuliza.

"Waulize wao."

"Wanataka nitoe meno. Mie sina meno, nina mdomo kama wa kasuku."

"Toa huo huo," anasema Bwana Kiwelu, "ila uutoe kwa hasira."

"Hasira ninazo," anasema ngisi, "lakini si za huyu bibie."

Sauti inakatiza: "Oksijeni ya Zuwena inakwisha!"

Hapo nilichemka. Miaka yote nawafundisha watu kwamba mtungini mna hewa, hewa ya kawaida, hii hii wanayovuta kuku wa mama uani. Oksijeni iko hospitali. Nikamweleza huyo Sauti. Lakini Sauti hasahihishwi, na akishasema neno ndiyo limekuwa. Mshale wa kipimo ukashuka mpaka chini. Navuta, hamna kitu.

"Mrudishie mtu hewa yake," anasema ngisi.

"Baada ya matangazo," anasema Sauti.

Bahari ikasimama. Akapita mwanamke na ndoo, anatabasamu, anafua shati la samaki kwa sabuni ya unga. Akalisuuza. Akalinusa. Akatuonyesha kola. Mtu asiye na pumzi, tangazo la sabuni anaona haliishi.

Matangazo yalipokwisha hewa ikarudi, wala hakuna aliyejisumbua kueleza imetoka wapi.

"Ndivyo walivyo hawa," anasema ngisi. "Mie jicho langu wamelipiga picha kutwa."

"Wewe una jicho, mie nina mama," namwambia. "Kazi yangu inakwenda hivi hivi. Twende ukamwambie mwenyewe, maana mie hanisikii."

"Mbali?"

"Hapo tu."

Nasukuma mlango na tuko sebuleni kwetu Mkoani. Maji yameishia kizingitini. Ngisi anakwenda moja kwa moja anaketi kwenye kochi, juu ya vitambaa vyeupe alivyovifuma mama kwa mkono wake, ambavyo mie mtoto wake siruhusiwi kuviegemea.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," anaitikia mama kwa mazoea, ndipo anamtazama vizuri. Kashaitikia, hana la kufanya. "Wewe ndiye uliyetaka kumla Zuwena?"

"Niliitazama taa yake, bi mkubwa. Kwetu kiza."

"Na ile ngoma?"

"Ngoma si yangu. Hata mie ilinishtua."

Mama anavuta pembe ya kanga. Namjua mama. Akiivuta hivyo, basi moyo umeanza kulainika. Nasema moyoni, haya, kazi imepona, mgeni na aage twende zetu.

Mama ananyanyuka. "Mtu haondoki kwangu hajala."

"Mama, wacha."

"Niwache nini? Mtu katoka kilindini huko."

Anaingia jikoni, anarudi na sufuria, anaiweka mezani mbele ya mgeni, anaifunua. Ngisi wa nazi.

Nikasubiri ngoma. Mie walinipigia ngoma kwa ajili ya taa, na hapa haikulia. Bwana Kiwelu alikuwa dirishani na kamera yake. Akachungulia sufuria, akazima kamera.

"Hamna kipindi hapa," anasema. "Watu wanakula tu."

Ngisi akaangalia ndani ya sufuria kwa muda. Akaanza kurudi nyuma, polepole, mpaka mgongo wa kochi ukamzuia.

"Bi mkubwa," anasema, "mie nimeshiba." Hapo wino ukamtoka.

Mama kabaki kasimama na kifuniko mkononi. Tangu nizaliwe sijamwona mama kashikwa na aibu vile. "Nisamehe, mwanangu," akasema, na hakuwa akiniambia mie.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka. Nikatoka uani, nikamkuta mama amekaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, anasugua kitambaa cha kochi kwa ndimu na chumvi. Kilikuwa na doa jeusi, kubwa kiasi cha sahani.

"Mama, doa la nini hilo?"

Akazidi kusugua.

"Leo tunakula maharage," akasema. "Na wewe nenda kazini, usimweke mwenzio kizani anangoja taa."