Mtutu Uliosuguliwa Miaka Arobaini

"Nipige risasi moja tu hewani, roho yangu itulie," shangazi alisema, akaibwaga mezani kwangu bunduki kuukuu ya marisau ya marehemu babu.

Mimi ni fundi bunduki. Na watu wenye papara hatuivi chungu kimoja. Nilihakikisha haina risasi, nikautoa mtutu, nikauning'iniza kwa kamba, nikaugonga kwa kijiti. Ngiiing! Ulilia kama kengele, dalili kwamba hauna ufa. Shangazi akapiga kigelegele, akaninyang'anya kijiti, akawa anagonga huku anacheza karakana nzima.

"Tulia! Sijapima unene!"

Nilipima, nikarudia kupima. Chuma kilikuwa chembamba kama karatasi.

"Mmeifanya nini?"

"Tumeitunza! Miaka arobaini, kila Jumamosi naisugua kwa msasa, ndani na nje."

"Umeimaliza, shangazi! Ukifyatua, itakupasukia usoni."

Nilidhani atalia. Akautazama mtutu, akakitazama kijiti, akaangua kicheko mpaka akakaa sakafuni.

Siku hizi mtutu unaning'inia mlangoni kwake. Ukilia, ujue chakula kiko tayari. Na Jumamosi, asikwambie mtu, bado anausugua.