Vipedi Sitini na Kimoja

Kipedi cha arobaini na tisa cha kinanda kilikataa kushika. Nilikigandamiza kwenye ulimi wake wa chuma, nikahesabu hadi tatu, nikabonyeza kibao. Ukatoka mlio mkavu, kama kijiko kinachogonga meza. Baba alikuwa ameketi nyuma yangu. Macho yake hayakuona tena vitu vidogo, lakini kwa hili hakuyahitaji.

"Kibandue," alisema. "Gundi imezidi. Anza upya."

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Saa kumi dada yangu alitakiwa awe hotelini na kinanda hiki cha umeme, apige mbele ya mkuu wa bendi ya meli ya abiria. Akimpendeza, angeondoka naye mwezi ule ule kwa mkataba wa miaka miwili. Asipompendeza, angebaki nyumbani nasi. Hilo la pili ndilo nililokuwa nikiliombea, na ndilo lililofanya kinanda kiwe wazi mezani, matumbo nje.

Kinanda chenyewe kilinizidi umri. Hakikuwa na nyuzi wala nyundo. Kila kibao kilikuwa na kipedi kidogo cha ngozi laini iliyolowa mafuta mazito, kilichobandikwa kwa gundi upande wa kibao na kunata kwa mafuta yale kwenye ulimi wa chuma. Ukibonyeza kibao, kipedi kinanyanyuka, kinauachia ulimi, nao unatetemeka na kutoa sauti. Kipedi kikikauka, umepiga ubao mtupu. Baba, fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Waya, alitufundisha tangu wadogo: safisheni kila kitu, ila mnato wa vipedi msiuguse.

Siku iliyotangulia, asubuhi, dada akiwa ametoka, nilichukua pamba na spiriti nikavifuta vyote. Sikukosea. Nilijua nifanyalo. Vilikuwa vimechakaa kweli. Baba mwenyewe alishasema vimebakiza mwaka mmoja tu, nami nikajificha nyuma ya maneno hayo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilimwona dada akienda zake kuiona dunia, mimi nikibaki na karakana, na mzee anayepoteza macho, na sahani za kuosha. Nilimpenda sana. Nilimwonea wivu vilevile, wivu wa kusaga meno.

Nisichojua ni kwamba Baba alikuwa na pakiti ya vipedi vipya, ameifungia kabatini kwa mwaka wa nne sasa. Dada alipokuja kumwambia kinanda kimekufa, aliitoa huku akicheka. "Akiba haiozi," alisema, kisha akanigeukia. "Mimi sioni. Mikono yako ndiyo itakayofanya kazi." Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia nikiwa na kibano mkononi, tangu saa mbili asubuhi.

Dada alipita mlangoni mara mbili, tayari amevaa gauni lake la kupigia. Mara ya pili alisimama.

"Kimbelembele leo yuko kimya," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa sababu sikuwahi kukosa la kusema.

"Nisije nikakosea," nilimjibu bila kuinua kichwa. Aliniangalia muda kidogo, kisha akaenda kutafuta gari.

Saa tisa na robo kilibaki kimoja. Chupa ya spiriti ilikuwa karibu na kiwiko changu. Nilihitaji tone moja tu kwenye vipedi vya katikati, vile ambavyo mkono wa mpigaji hauwezi kuvikwepa. Baba asingeona. Nilichovya pamba.

"Umenyamaza," Baba alisema.

"Nafikiri tu."

"Najua unachofikiri. Akienda tutabaki wawili, na mmoja haoni." Alipapasa meza mpaka akaupata mkono wangu, ule usio na pamba. "Hata mimi naogopa, mwanangu. Bandika."

Niliitupa pamba chini ya meza. Nikabandika cha sitini na moja, nikabonyeza, na sauti nene ikajaa chumba. Baba alifumba macho akaisikiliza mpaka ikaisha.

Karakana ilikuwa ghorofa ya pili. Tulikibeba kinanda wawili: mimi chini, nikishuka kinyumenyume, dada juu, akinitajia njia kwa kuwa sikuweza kuona nyuma.

"Ngazi," alisema. "Nyingine. Hapo kona."

Kwenye kona nikashindwa kuvumilia. "Dada, vile vipedi havikuchakaa vyenyewe. Nilivifuta mimi. Kwa makusudi."

Hakusimama. "Najua. Nilikuona."

"Ulikuwa umetoka."

"Nilirudi. Nilikuwa nakuja kukwambia kwamba siendi. Nilishindwa kuwaza nitawaachaje wewe na Baba." Alihema, akasogeza vidole vyake chini ya kinanda. "Nikakukuta na pamba."

Nilitaka kukiweka kinanda chini, nimshike miguu, nimwombe radhi, lakini kwenye ngazi zile hapakuwa na pa kukiweka.

"Na sasa?" nilimuuliza.

"Sasa nakwenda."

Alikwenda kweli. Mkataba ule ulizaa mwingine, na huo ukazaa mwingine, na huu ni mwaka wa kumi na sita. Hupiga simu kila mwezi na huongea na Baba kwanza. Nikipewa simu, hunisalimu vizuri, huniuliza kazi inaendaje, na tunaagana.

Lakini mchana ule zilibaki ngazi tisa, na mimi nilikuwa nashuka bila kuona, machozi yamenijaa, uzito wote kifuani. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Hakunyamaza. Alinitajia ngazi moja baada ya nyingine, taratibu, kwa sauti ile ile ya mwanzo, hadi kisigino changu kikagusa sakafu.

"Umefika," alisema.