Gari Lililokatwa Mkia

Gaétan aliweka msumeno juu ya mkia wa gari letu la mbio, akauondoa, akauweka tena. Mimi, mkewe, nilisimama pembeni na gundi ya fibaglasi mikononi, nisiamini ninachokiona. Mkia ule ulikuwa mrefu kama meza ya harusi, na kwa miaka minane hakuna aliyeruhusiwa hata kuuegemea.

Habari tuliipata redioni, tukila chakula cha mchana. Hunaudières, ile barabara nyoofu ya mbio za magari za Le Mans, ingewekewa kona mbili za kupunguza mwendo. Sheria mpya ilikataa sehemu yoyote nyoofu izidi kilomita mbili, na yetu ilikaribia sita. Uma ulinidondoka. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imehamishwa akiwa ndani.

Wenzetu walikuja Le Mans kushinda. Sisi wa karakana ya nyuma ya ghala la mahindi tulikuwa na ugonjwa mmoja tu, kasi ya pale kwenye barabara nyoofu. Wasimamizi wa mbio walipoanza kutupimia mafuta, tulishangilia, kwa sababu gari linaloteleza hewani hunywa kidogo. Gaétan akazidi kurefusha mkia, maana ndio uliolipitisha gari hewani kwa wepesi. Kila Jumamosi tuliupapasa kwa viganja, macho tumefumba, na aliyegundua kinundu ndiye aliyekisugua huku wengine wakinywa divai ya matofaa na kumcheka. Sasa, kwa hizo kona mpya, mkia ule haukuwa na kazi tena.

"Kata basi, shemeji," alisema Loïc, mdogo wangu, ambaye ndiye dereva wetu. "Au unamsubiri padri?"

Gaétan akakata. Nililia waziwazi, wala sikuona haya.

Majira ya kuchipua tulilipeleka gari kwenye uwanja wa ndege uliotelekezwa, likiwa na mkia mfupi na bawa pana mgongoni la kuligandamiza chini. Loïc alizunguka kwenye manyunyu, akizipiga kona kwa mwendo ambao sijapata kuuona. Niliuma kidole. Aliposhuka alikuwa anacheka peke yake.

"Shemeji, hili sasa ndilo gari! Leo hata sikusali."

"Kusali nini?" Gaétan aliuliza.

"Aa, si lile la zamani? Kona kali zote lilikuwa linaelea nyuma. Kila mwaka nawaaga watoto kabisakabisa, namwachia mama yao funguo za nyumba."

Miaka minane nilikuwa nikimpungia mkono kwenye ukuta wa kando ya njia ya mbio, nikidhani tabasamu lile ni la furaha.

"Mbona hukusema, Loïc?" Gaétan aliuliza.

"Ningesema, ungeukata?"

Gaétan alitazama magurudumu, akatazama bawa, kisha akamtazama usoni.

"Hapana," akasema.

Loïc alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Akavaa tena glavu zake, akauliza kama mafuta yaliyobaki yanatosha mizunguko mingine.